Ualkali wa tangi langu la maji ya bahari unashuka kila wiki ilhali matumbawe ni machache: kosa liko kwenye maji, kwenye vipimo au kwangu mwenyewe?

1. Tangi_la_Sebuleni (Dar es Salaam)

Habari zenu, wakuu. Nina tangi la kioo la lita 240 sebuleni, na huu ni mwezi wake wa nane likiwa na maji ya bahari. Nikitoa nafasi ya mawe na mchanga, nakadiria kwamba maji yenyewe ni lita 200. Wakazi wake ni samaki wa anemoni wawili, kitatange mmoja mdogo, kamba msafishaji, konokono kadhaa, vipande vitatu vya matumbawe laini na tumbawe gumu moja lisilozidi ngumi ya mtoto.

Kila Jumapili jioni naupandisha ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) hadi digrii 8 kwa magadi soda ya pakiti niliyoiyeyusha kwanza katika maji baridi, na kila Jumamosi nikipima kwa kipimo cha matone naukuta 6. Nimefanya hivyo kwa wiki 12 mfululizo. Vipimo vingine vya Jumamosi iliyopita ni hivi: uzito linganifu (kipimo cha chumvi) 1.025, amonia na nitriti sifuri, nitrati miligramu 10 kwa lita, kalsiamu 420, magnesiamu 1200, joto 28, na pH 7.9 alfajiri ikapanda hadi 8.2 jioni. Maji ya kubadilishia nachota Kunduchi, madumu mawili ya lita 20 kila wiki mbili, na yanayopotea kwa mvuke nayafidia kwa maji ya bomba yaliyopita kwenye kichujio cha utando.

Tangi lenye matumbawe machache kiasi hiki linapeleka wapi digrii 2 kwa wiki?

2. Bahari_Shanzu (Mombasa)

Mimi ningeanza na dumu kabla ya tangi. Umesema unachota Kunduchi, lakini hukusema unachota wakati gani. Katika masika mito ya Tegeta na Mbezi inamwaga maji ya mvua pwani hiyo hiyo, na maji mepesi huelea juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo anayechota kwa ndoo akiwa amesimama kwenye maji ya magoti anachota mvua ya jana. Hapa kwetu nilipokuwa nachota karibu na mlango wa mkondo wa Tudor nilipata 1.021 mwezi wa Mei, nikadhani chombo kimeharibika. Siku hizi namwagiza mvuvi anijazie madumu nje ya mwamba, maji yakiwa yanajaa, na napata 1.026 mwaka mzima bila kelele.

Ukibadilisha maji kwa maji yaliyochujuka kwa mvua, unashusha ualkali kwa mkono wako mwenyewe kisha unaupandisha kwa magadi.

3. Mwalimu_wa_Matone (Morogoro)

Nakubaliana na Bahari_Shanzu kuhusu kuchota, ila hesabu yake haitoshi kueleza tatizo lililoulizwa. Madumu mawili ni lita 40 ndani ya 200, yaani sehemu moja kwa tano. Hata kama maji hayo yangekuwa na digrii 5 tu, tangi lenye 8 lingeshuka hadi 7.4, na hilo lingetokea mara moja kila wiki mbili, si digrii 2 kila wiki. Isitoshe, maji ya mto nayo yana ualkali wake kutokana na mawe yanayopita, kwa hiyo ualkali haushuki sawasawa na chumvi.

Swali langu ni jingine. Kwenye kipimo chako tone moja ni digrii ngapi? Kama unatumia mililita 5 za maji na tone moja ni digrii nzima, basi "8" yako yaweza kuwa 7.2 na "6" yako yaweza kuwa 5.9, kwa sababu unahesabu tone lililobadilisha rangi, si mahali rangi ilipobadilikia. Pima mililita 10 badala ya 5, kisha gawanya idadi ya matone kwa mbili. Hapo kila tone litakuwa nusu digrii. Shika chupa wima kabisa, kwa maana chupa iliyolala hutoa matone madogo, na futa ncha yake kabla ya kuanza. Sampuli uivute kwa bomba la sindano, si kwa kukisia mstari wa kwenye kichupa.

Nina swali la nyongeza: vitendanishi vyako (zile dawa za kipimo) umeviweka wapi? Kabati la juu ya jiko haliwafai.

4. Fundi_Pampu (Arusha)

Mimi nimetengeneza matangi ya hoteli, na naona mnazunguka mbuyu. Jibu liko kwenye pH yake. Alfajiri 7.9, jioni 8.2. Nyumba inafungwa usiku kwa sababu ya mbu na kiyoyozi, watu watano wanapumua, jiko la gesi linawaka asubuhi, hewa ukaa inaingia kwenye maji na kula ualkali. Fungua madirisha, utaona.

5. Mwalimu_wa_Matone

Fundi, kwa heshima zote, umechanganya mambo mawili yanayokaa nyumba moja. Hewa ukaa ikiyeyuka katika maji inashusha pH, hilo ni kweli, na ndiyo sababu pH hushuka usiku ambapo mwani haufanyi usanisinuru na kupanda mchana. Lakini haiondoi ualkali. Ualkali ni uwezo wa maji kuhimili asidi, na unapoongeza hewa ukaa unaongeza asidi na bikaboneti kwa kiasi kilekile, kwa hiyo jumla haibadiliki. Mtu anaweza kuwa na pH 7.8 na ualkali wa digrii 9 katika tangi moja.

Kujua kama hewa ya ndani ndiyo inayoshusha pH, chukua kikombe cha maji ya tangi, kipeleke barazani, kipulizie kwa pampu ndogo ya hewa kwa saa nzima, kisha pima. pH ikipanda, tatizo ni hewa ya sebuleni. Isipopanda, tafuta kwingine.

6. Kaa_la_Pwani (Zanzibar)

Hakuna aliyemgusa mtuhumiwa mkuu. Amefuga kitatange na matumbawe ndani ya tangi moja! Kitatange ni mlaji wa matumbawe. Ualkali unaliwa na samaki, ndugu zangu.

7. Theluji_na_Chumvi (Minneapolis)

Nathibitisha maneno ya namba 5 kwa yaliyonikuta. Huku tunafunga madirisha kuanzia Novemba hadi Aprili, na pH yangu hukaa 7.7 hadi 7.8 majira yote ya baridi, ilhali ualkali unabaki 8.5 bila kutikisika. Niliwahi kuhangaika nikaongeza magadi kila siku ili "kuponya" pH, nikafika digrii 13, ncha za matumbawe zikachomeka na kuwa nyeupe. Dawa ilikuwa mpira wa hewa uliotoka dirishani hadi kwenye skima (kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa mapovu ya hewa), basi.

Sisi tusio na bahari tunakoroga chumvi ya kiwandani, nayo ina vituko vyake: zipo zinazotoa digrii 7 na zipo zinazotoa 11 au 12 kwa chumvi ileile ya 35 kwa elfu. Nyinyi mlio na bahari mlangoni mnaanzia karibu na 7, ambao ndio ualkali wa bahari yenyewe. Kwa nini mtoa mada anaulazimisha uwe 8? Huenda tangi linarudi tu pale bahari ilipo.

8. Tangi_la_Sebuleni

Asanteni. Nijibu kwa utaratibu. Tone moja kwenye kipimo changu ni digrii nzima, mwalimu amekisia sawa. Vitendanishi viko kwenye droo ya meza ya televisheni. Havijapita tarehe, lakini nakiri kwamba vilisafirishwa kwa basi kutoka Nairobi mwezi wa Februari, na buti la basi Februari kila mtu analijua. Maji nachota Jumamosi kwa kuwa ndiyo siku yangu ya mapumziko, yawe yamejaa au yamekupwa.

Kuhusu namba 7, ningefurahi kama lingetulia kwenye 7. Linashuka hadi 6, na wiki moja niliyosafiri nililikuta 5.

Kitatange ni mtoto bado, Kaa. Anakula kamba wa kusaga kutoka mkononi mwangu.

9. Mzee_wa_Bamvua (Pangani)

Vijana wangu, mmezungumza sana juu ya matone na hamjazungumza juu ya chokaa. Sisi tumejenga majumba kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na bibi zetu wamekula tambuu kwa chokaa hiyohiyo. Tumbawe linatengeneza nyumba yake kwa kalsiamu na kaboneti, kwa hiyo anayetia magadi peke yake anampa mjenzi saruji bila mchanga. Mimi natia kijiko kimoja cha chokaa katika ndoo ya maji baridi, naacha itulie usiku, kisha maji maangavu ya juu nayadondosha tone tone usiku kucha kufidia yaliyokauka. Maji ya chokaa yanarudisha vyote viwili kwa uwiano wake. Tangi langu lina miaka sita.

Na kuchota, mwanangu, usichote siku ya mapumziko yako, chota siku ya mapumziko ya bahari. Siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa huku inazidi mita 3. Maji yakianza kujaa kwa nguvu yanaleta maji safi ya mkondo kutoka nje. Mwisho wa kupwa unachota jasho la mikoko.

10. Mwalimu_wa_Matone

Shikamoo, mzee. Kanuni yako ya chokaa ni sahihi kabisa na inatumika dunia nzima, ila niongeze tahadhari mbili kwa wasomaji wapya. Maji ya chokaa yaliyokolea yana pH ya takriban 12.4, kwa hiyo yakimwagwa kwa mkupuo yanaua. Ndiyo maana mzee anayadondosha, na anayadondosha usiku ambapo pH iko chini. Pili, chokaa ya ujenzi si lazima iwe chokaa tupu. Ikikaa wazi inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na hapo haifai tena. Tia kidogo kwenye siki: ikiyeyuka kimya ni nzima, ikitoa mapovu mengi imeshakufa. Yenye magnesiamu nyingi, udongo au majivu ya tanuri isikaribie tangi.

11. Mzee_wa_Bamvua

Marahaba. Ya tambuu haina majivu.

12. Karanga_Bahari (Muscat)

Salamu kutoka Oman. Mtoa mada hajatuonyesha pakiti, nasi tunajadili tu. "Magadi soda" ni jina linalobeba vitu vitatu. Ipo bikaboneti tupu, ambayo ndiyo inayotakiwa. Yapo magadi ya mawe kutoka maziwa ya Magadi na Natron, ambayo ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, yanapandisha pH kwa ghafla na yana floridi nyingi. Hayo waachieni wapika maharage na kande. Halafu ipo hamira ya unga ya kuokea keki, ambayo ndani yake imetiwa asidi na wanga, kwa hiyo inajipinga yenyewe. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilitia hiyo ya tatu, vijiko viwili, kwa sababu kopo lilikuwa na picha ya keki na mimi nilikuwa na haraka. Maji yakawa kama uji wa mchele, skima ikafura hadi sakafuni, ualkali haukupanda hata tone moja, na fosfati iliyomo ikanilisha mwani wa kijani kwa miezi mitatu.

Kuhusu kuchota, nasi huku tuliwahi kushindwa kabisa: mwaka 2008 kuingia 2009 bahari ya Oman iligeuka nyekundu kwa vijimea sumu, samaki wakafa kwa wingi, na wote tuliokuwa tunachota pwani tulihamia chumvi ya kopo. Kwa hiyo kila mtu awe na kopo moja la akiba.

13. Tangi_la_Sebuleni

Nimesoma pakiti kwa miwani ya mke wangu: bikaboneti ya sodiamu, hakuna kingine. Nashusha pumzi.

14. Fundi_Pampu

Namba 5 amenisahihisha, nimekubali, mwalimu ni mwalimu. Lakini sijamaliza. Fungua pampu ya kurudisha maji, utoe ile sumaku yenye mapanga, uitazame. Maji ya bahari yamebeba kalsiamu na kaboneti kupita kiasi kinachoweza kuyeyuka. Kinachozuia visiganda ni magnesiamu. Yako ni 1200 wakati bahari ina karibu 1290. Ukichanganya upungufu huo na mota yenye joto, na wewe unamwaga magadi yote Jumapili jioni kwa mara moja, unaganda ukoko kwenye pampu na unatuuliza ualkali umekwenda wapi.

15. Tangi_la_Sebuleni

Nimefungua leo saa nne usiku. Mapanga yamevaa ukoko mweupe wenye chembechembe kama chumvi ya mawe, mnene zaidi upande unaogusa mota, na ndani ya tundu la mhimili ulikuwa umeacha nafasi ya unywele tu. Ndiyo maana pampu ilikuwa inanguruma tangu mwezi uliopita nami nikalaumu umeme. Nimeitumbukiza kwenye bakuli la siki, ikachemka mapovu kwa dakika kumi hivi, ikatoka nyeusi inayong'aa. Fundi, nadhani umeshinda.

16. Mwalimu_wa_Matone

Kabla ya kumpa Fundi kombe, tupige hesabu. Digrii 2 katika lita 200, ikiwa imeganda kuwa kaboneti ya kalsiamu, ni takriban gramu 7 kwa wiki. Kwa wiki 12 ni gramu 85 hivi, yaani mawe ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa. Ukoko wa kwenye pampu ulikuwa kiasi gani? Kama ni kijiko cha chai, basi sehemu kubwa imekwenda kwingine.

Na hoja ya magnesiamu nayo ina tundu. Uzito linganifu wa 1.025 ni chumvi ya 33 kwa elfu, si 35. Bahari iliyochujuka kiasi hicho itakuwa na magnesiamu 1220 hivi. Kwa kipimo cha matone, 1200 na 1220 ni kitu kimoja. Kwa hiyo magnesiamu yake haijapungua; chumvi nzima ndiyo imepungua kidogo, na hapo tunarudi kwa Bahari_Shanzu na dumu lake.

17. Bahari_Shanzu

Nilijua tutarudi.

18. Dada_wa_Mawe (Tanga)

Gramu 85 anazotafuta mwalimu zimetandazwa ukutani. Mtoa mada, mawe yako yana rangi ya waridi na zambarau? Vioo vya nyuma vina madoadoa magumu yasiyotoka kwa sifongo? Huo ni mwani wa chokaa, nao unajenga ganda kama matumbawe yanavyojenga. Tangi la miezi minane ndilo linalouona ukishamiri. Mimi nilikuwa na tangi lisilo na tumbawe hata moja, lenye samaki na mawe tu, na lilikuwa likila digrii 1.5 kwa wiki mpaka niliponunua taa dhaifu zaidi. Ongeza konokono wanaojenga makombe, na vile vijidudu vyeupe vya mzingo kama alama ya koma vinavyoganda kwenye mabomba.

Kalsiamu haitakuonyesha kitu. Kwa kila digrii 2 za ualkali zinazotumika kujenga, kalsiamu inashuka miligramu 14 tu, na kipimo chako bila shaka kinakwenda kwa ishirini ishirini kila tone. Kwa hiyo 420 ya leo na 420 ya wiki ijayo hazina ushahidi wowote.

19. Nitrati_Nyingi (Kampala)

Mbona hamtaji bakteria? Amonia inapogeuzwa kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, asidi inazalishwa, na asidi ndiyo inayotafuna ualkali. Anamlisha kitatange kamba kutoka mkononi. Chakula kingi, amonia nyingi, asidi nyingi. Mimi tangi langu lilifika nitrati 80 na ualkali ukashuka hadi 5 bila tumbawe lolote.

20. Dada_wa_Mawe

Kisa chako ni cha kweli, na hesabu inakubali: nitrati ikipanda miligramu 50, ualkali unashuka digrii 2.3. Lakini yeye nitrati yake imesimama kwenye 10. Na usiseme kwamba inazalishwa halafu inaliwa na mwani, kwa sababu mwani ukila nitrati ualkali hurudi. Ni nitrati inayojikusanya tu ndiyo inayohesabiwa, na yake haijikusanyi.

21. Nitrati_Nyingi

Kama kipimo chake cha nitrati kinasema kweli. Hicho kina chupa ambayo unga wake hutuama chini. Asipoitikisa kwa nguvu kwa nusu dakika, kitamwonyesha 10 hata akipima mchuzi.

22. Karanga_Bahari

Hapo amesema. Na upande wa pili, nitriti ikiwepo kipimo cha nitrati kinadanganya kwa kuzidisha, maana chenyewe kwanza hugeuza nitrati kuwa nitriti ndipo kitoe rangi. Nitriti yake ni sifuri, kwa hiyo upande huo yuko salama. Wanaoanza wasiogope sana nitriti katika maji ya chumvi; kloridi ya bahari humkinga samaki asiivute kama anavyoivuta wa maji baridi. Amonia ndiyo ya kukimbia nayo, hasa kwenye joto na pH ya juu.

23. Theluji_na_Chumvi

Samahani kwa kuchepuka kidogo: hiyo 1.025 imepimwa kwa nini? Kama ni refraktomita (kipima chumvi kwa kupinda kwa mwanga) iliyosawazishwa kwa maji ya kunywa, inaweza kuwa sawa kwenye sifuri na kupotoka kwenye 35, kwa hiyo isawazishwe kwa maji ya kipimo ya 35. Kama ni ile ya kioo inayoelea, imetengenezwa kwa joto fulani, mara nyingi 25. Kwenye maji ya digrii 30 inazama zaidi na kusoma chini kwa karibu 0.0015, na mwenye tangi anakimbilia kuongeza chumvi isiyohitajika.

24. Tangi_la_Sebuleni

Ni refraktomita, na niliisawazisha kwa maji niliyokusanya kwenye mpira wa kiyoyozi kwa kuwa nilisikia ni safi kama ya betri.

25. Fundi_Pampu

Kwa kusawazisha sawa. Nakuomba tu uniambie kwamba huyatii tangini. Maji hayo yamelowanisha mabomba ya shaba na vumbi la mwaka mzima, na shaba kidogo tu inamaliza kamba na konokono wakati samaki wanaogelea kama kawaida. Nimeona tangi la sebule ya wageni likifa kuanzia chini kwenda juu kwa sababu ya ndoo ya kiyoyozi.

26. Tangi_la_Sebuleni

Siyatii. Nilitia mara moja mwezi wa pili, lita tatu. Kamba yupo hai.

27. Kaa_la_Pwani

Huyu bwana kila ukurasa anakiri kosa jipya. Tukifika namba 40 atatuambia ana mamba.

28. Dada_wa_Mawe

Tuache utani kidogo, tumpe jaribio. Chukua maji ya tangi lita 15 baada ya kutia magadi, yaweke kwenye ndoo safi yenye mfuniko na pampu ndogo, bila jiwe, bila mchanga, bila kiumbe. Weka alama ya usawa wa maji ili ufidie mvuke. Pima siku ya kwanza na ya sita kwa mililita 10. Ndoo ikibaki palepale, mlaji yuko hai na yuko tangini. Ndoo ikishuka pamoja na tangi, basi ni kuganda au ni kipimo.

29. Tangi_la_Sebuleni

Majibu ya ndoo, siku sita. Nilipima mara tatu kila nilipopima, mke wangu akiwa shahidi wa rangi kwa kuwa mimi buluu na kijani hunichanganya jioni.

Tangi: siku ya kwanza 8, 8 na 7.5, siku ya sita 6, 6.5 na 6.

Ndoo: siku ya kwanza 8, 7.5 na 8. Siku ya sita 7.5, 7.5 na 7.

Chini ya ndoo kulikuwa na vumbi jeupe jepesi sana, nikilishika linateleza. Sikuweza kukusanya la kutosha kulitia siki.

30. Dada_wa_Mawe

Basi ndoo imepoteza nusu digrii na tangi limepoteza moja na nusu hivi. Sehemu kubwa ni mlaji hai. Mwani wa chokaa, nasisitiza.

31. Fundi_Pampu

Na vumbi jeupe? Dada, ndoo haina mwani wala konokono, lakini imepoteza theluthi moja ya kilichopotea tangini. Ndoo haina pampu kubwa yenye joto, haina mchanga ambao kila chembe yake ni mbegu ya kuganda. Tia mchanga kwenye ndoo uone. Mwani wako na ukoko wangu wanagawana, na mimi nadai zaidi ya theluthi.

32. Mwalimu_wa_Matone

Tofauti ya ndoo ni tone moja. Sithubutu kujenga hoja juu ya tone moja, hata likiwa la nusu digrii. Pia vumbi hilo huenda ni uchafu uliotuama tu. Ningependa kuona ndoo mbili, moja yenye mchanga kama anavyosema Fundi, na kipimo kingine kisichosafiri kwa buti la basi.

Wakati tunasubiri, usimwage magadi yote Jumapili. Gramu 3 hupandisha lita 100 kwa digrii 1, kwa hiyo wewe unahitaji gramu 12 kwa wiki, ambazo ni gramu 1.7 kwa siku. Pima kwa mizani ya sonara. Kijiko cha chai cha nyumba moja si cha nyumba nyingine. Iyeyushe vizuri, idondoshe mahali penye mkondo, mbali na mdomo wa pampu.

33. Mzee_wa_Bamvua

Au chokaa.

34. Bahari_Shanzu

Au maji mazuri. Wiki ijayo mwezi unaandama, bamvua hiyo. Saa ya kuchota ni maji yakishajaa zaidi ya nusu, na uchuje kwa kitambaa cha marekani, si kaniki. Kaniki inatoa rangi.

35. Tangi_la_Sebuleni

Nina taarifa tatu, nazo sijui zinamsaidia nani.

Jirani yangu ameniazima kipimo kipya cha ualkali. Tulichota kikombe kimoja cha maji ya tangi, tukapima wote wawili mezani kwa wakati mmoja: chake 7.1, changu 8. Tukarudia, chake 7, changu 7.5. Kwa hiyo tangi langu pengine linashuka kutoka 7 hadi 5.5, au linashuka kidogo kuliko ninavyodhani na kipimo changu kinavutavuta; mwalimu atachagua.

Pili, tangu niisafishe pampu na kuanza gramu 1.7 kwa siku, Jumamosi hii nimepata 6.5 badala ya 6. Fundi asishangilie, kwa sababu wiki hiyohiyo nilipunguza saa za taa kutoka 10 hadi 7 kwa ajili ya Dada_wa_Mawe, na maji nilichota siku ya bamvua kama alivyosema mzee, yakasoma 1.026.

Tatu, namuomba radhi Kaa_la_Pwani. Asubuhi hii nimemkuta kitatange akichomoa vidole vya tumbawe gumu kimoja kimoja, kwa utulivu kama mtu anayekula punje za hindi la kuchoma. Limebaki nusu.

36. Kaa_la_Pwani

Sasa hebu pima ualkali wa kitatange.